Njoo Wewe Unayekamua

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kukata majani, poleni na migongo. Mwalimu ameniambia niseme kidogo tu, nami nimemwitikia ndiyo, ila yeye mwenyewe anajua kwamba nikianza kuongea kunikatisha ni kazi. Nilikaa kimya miaka ya kutosha. Kwa hiyo mnivumilie, chai ipo jikoni, na mandazi nimeyaona kwa macho yangu.

Nimeombwa nieleze nilivyofika kwenye kituo hiki na nilivyoanza kuyaandika haya matangazo ya madarasa mnayoyasikia kanisani. Majina sitataja. Atakayejijua ajijue, na akijijua asije akanifuata nje.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nimezaliwa Majengo, hapo Moshi, baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa. Panga la kukatia majani sikuwahi kulishika. Halafu nikaolewa huku juu, na kuna jambo ninyi mliozaliwa huku mnalijua tangu tumboni, mimi hakuna aliyenikalisha chini akanieleza. Niliolewa na mtoto wa mwisho.

Wageni mliotoka mbali, nisikilizeni. Kwetu huku mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kaka zake wanapewa sehemu zao, au wanaenda kutafuta maisha. Yeye anarithi kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, anarithi nyumba, makaburi ya babu zake, na mama yake. Anarithi yeye, lakini anayekaa ni mke wake. Mume wangu alikuwa utingo wa malori Dar es Salaam, anarudi Krismasi kama wengine wote. Harusi haijapoa, yeye yuko barabarani, mimi niko kihambani na mama mkwe na ng'ombe.

Sasa huyo ng'ombe. Hakuwa hata wetu. Alikuwa wa shemeji yangu mkubwa, mfanyabiashara wa Holili, aliyemweka kwa mama yake atunzwe, kama mnavyojua watu wanavyoweka ng'ombe kwa ndugu. Ng'ombe wa kisasa, wa kufungiwa bandani. Anakula kwa kuletewa na anakunywa kwa kuletewa. Majani ya huku juu hayatoshi, kwa hiyo unashuka tambarare, unakata, unapanda mlima na mzigo kichwani. Ukifika unakatakata migomba umwongezee, unazoa mbolea, unateka maji, na kabla hujakaa unaanza kuwaza majani ya kesho. Ni miaka ile kahawa iliposhuka bei mpaka watu wakaacha kuipulizia dawa, wengine wakaing'oa wakapanda nyanya. Kilichobaki cha kuleta chumvi na mafuta ya taa nyumbani ni maziwa. Ndiyo maana ng'ombe aliheshimiwa kuliko mimi.

Na kukamua sikuruhusiwa. Huku maziwa ni mali ya mwanamke, hilo halina ubishi, hata mume hagusi. Lakini nyumba ikiwa na wanawake wawili, maziwa ni ya yule mkubwa. Anayekamua ndiye anayegawa, na ndiye anayeuza. Ndoo ya kukamulia mama mkwe aliitundika kwenye msumari chumbani kwake, juu ya kitanda. Mimi nilikuwa wa majani.

Ndugu zangu, nawaambia, mama mkwe wangu hakuwa mkali. Hakunipiga, hakuninyima chakula, hakunisema kwa majirani. Angekuwa mkali ningepata pa kuanzia. Yeye alikuwa na neno moja tu. Nikisema, "Mama, naomba Jumamosi nikamsalimie mama yangu Majengo," ananijibu kwa upole kabisa, "Na ng'ombe?" Nikisema nimeitwa kwenye kwaya, "Na ng'ombe?" Nikisema jino linaniuma nataka kushuka mjini kulitoa, anatikisa kichwa, ananionea huruma kweli, halafu, "Na ng'ombe?" Mtu akikuuliza hivyo utamjibu nini? Ng'ombe yupo pale, analia njaa, unamsikia.

Krismasi nilimwambia mume wangu. Akasema, "Zungumza na mama." Alikuwa anakula ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, wakati ananijibu, hakuacha kutafuna.

Jumapili tulikuwa tunapokezana, lakini yeye ndiye mzee wa nyumba, hawezi kukosa ibada, kwa hiyo zamu yangu ilikuwa haifiki. Nilitoka kwa sababu ya misiba peke yake. Msibani hakuna wa kukuuliza habari ya ng'ombe, jirani anakusaidia majani siku hiyo. Nikafika mahali, na haya nayasema mbele yenu bila kuficha, nikisikia kengele ya kanisa inalia siku ambayo si ya ibada, moyo wangu unaruka. Mtu amekufa, mimi nafurahi kwamba nitavaa kanga safi. Mungu anajua sikumtakia mtu kifo. Nilitaka tu kupita kwenye ule ukuta wa masale, mimea yetu ya mpaka, pale mbele ya nyumba nikaone barabara.

Nilipopata mtoto wa pili nikazima. Sijui niseme vipi. Nilikuwa siumwi na sikuwa mzima. Naacha kuoga mpaka mama mkwe ananitengea maji. Nikisikia gari linashuka mjini, naacha panga, nasimama mpaka mlio uishe kabisa kule chini, halafu naendelea. Kuongea niliacha, kwa sababu cha kusema kilikuwa hakuna. Niliyebaki naongea naye ni ng'ombe. Msicheke. Yule ng'ombe alikuwa anajua habari zote za ndoa yangu, na siku nyingine nilikuwa namwambia, tena kwa sauti, wewe na mimi nani amefungwa, wewe angalau unapandishwa kwa daktari mara moja moja.

Wakati huo kituo hiki ndiyo kinaanza. Ukumbi huu tuliomo ulikuwa ghala la kahawa, limebaki tupu, usharika ukaliomba pafundishiwe watu wazima. Akaletwa mwalimu kutoka Dodoma, huyu hapa mwenye kitenge cha njano, wakati ule mwembamba. Alipanga chumba kwa jirani yetu, na jioni alikuwa anakuja kwetu na chupa yake kununua maziwa. Alipoona mimi simwitikii zaidi ya salamu, akadhani namdharau. Siku moja akanialika kwenye darasa la ushonaji. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akauliza kule ndani, mnajua aliuliza nini.

Mwalimu akakaa kwenye kigogo akingoja maziwa yachujwe, akatoa karatasi, akalalamika kwamba ameandika matangazo, yamesomwa kanisani, yamebandikwa kwenye mashine ya kusaga na buchani, na darasani hakuna mtu. Akanionyesha. Nalikumbuka mpaka leo. "TANGAZO. Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kutakuwa na mafunzo ya ushonaji ukumbini Alhamisi saa nane kamili mchana. Wote mnatakiwa kuhudhuria bila kukosa."

Nikacheka. Nilicheka mpaka mama mkwe akatoka nje kuangalia kuna nini, maana sauti hiyo alikuwa ameisahau. Nikamwambia, "Mwalimu, hili ni la kodi ya maendeleo. Wanaume wakilisikia watakimbilia msituni, na wanawake watajificha kwa niaba yao."

Akanipa kalamu. Akasema, "Haya, andika wewe."

Nikamuuliza mambo. Huko darasani mtu anakaa wapi? Kwenye benchi. Cherehani anatoka nayo nyumbani? Hapana, zipo. Akitoka anatoka na nini mkononi? Hapo akafikiri, hakuwa amejiuliza. Nikaandika, mkono mmoja una kalamu na mwingine una harufu ya mbolea, nikaandika hivi: "Sare ya mtoto imechanika begani? Usiitupe, wala usiitoboe kwa sindano ya gunia. Ilete Alhamisi kwenye ghala la zamani la kahawa. Cherehani ipo, uzi upo, benchi ipo. Utarudi nyumbani nayo imeshonwa, na aliyeishona ni wewe. Mwenye mtoto mchanga aje naye, kuna mkeka."

Mwalimu akasoma, akasema, "Lakini mkeka hatuna."

Nikamwambia, "Utafute, kwa sababu nimeshauandika."

Mkeka ulipatikana, na wanawake walikuja. Jumapili ile mama mkwe alirudi kutoka kanisani, akavua viatu, akaanza kunihadithia huku namenya ndizi. "Leo limesomwa tangazo, mwanangu, zuri. Eti sare ikichanika begani usiitoboe kwa sindano ya gunia. Watu wamecheka. Eti kuna na mkeka." Ananisimulia maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, na mimi naitikia, "Enhe, mama." Sikusema. Hakuuliza. Alikuwa ametuona na karatasi, akadhani mwalimu ananifundisha namna ya kumwandaa mtoto kwa darasa la kwanza.

Basi ikawa kazi yangu. Mwalimu analeta somo na chupa ya maziwa, namhoji, naandika. Darasa la kusoma na kuandika, darasa la kuoka mkate kwa mkaa, darasa la Kiingereza kwa vijana wanaobeba mizigo ya watalii. Yote niliyaandika, na hakuna hata moja nililoliona. Nilikuwa namuuliza mwalimu madirisha yanaangalia wapi, benchi ipi inayumba, mvua ikinyesha bati linapiga kelele kiasi gani. Usiku nalala, nakaa ndani ya lile darasa. Nilikuwa nawaita watu waje mahali ambapo mimi siwezi kwenda. Mwanzoni lilinipa nguvu, nikaanza kuoga bila kutengewa maji. Halafu likaanza kuniuma. Kila tangazo nikilimaliza, linapita ukuta wa masale mkononi mwa mwalimu, mimi nabaki.

Sasa likaja darasa la ng'ombe wa maziwa. Mtaalamu wa mifugo anatoka Kwa Sadala, atafundisha namna ya kumtunza ng'ombe asipate ugonjwa wa kiwele. Nikasema hili ndilo langu, hili nalijua. Nikaandika kwa madaha, "Njoo wewe mwenye ng'ombe." Likasomwa kanisani na mzee wa kanisa mwenye sauti nzito.

Alhamisi, mwanamke hata mmoja hakutokea. Walikuja wazee wachache wenye fimbo na makoti, wakakaa mbele, wakamwuliza mtaalamu kama serikali inataka kuwatoza ng'ombe. Alipowaeleza habari ya kiwele, mmoja akasema, "Hayo waambie akina mama." Wakanywa chai wakaondoka.

Mwalimu alikuja amekasirika, anasema wanawake wa huku wavivu. Mimi nilikaa kwenye kigogo nikajiona mjinga, maana nilikuwa na jibu humo humo bandani. Mwenye ng'ombe kwetu ni nani? Ni shemeji yuko Holili, ambaye hajawahi kumkatia hata jani moja. Jirani yetu, mwenye ng'ombe ni mume wake. Wa ng'ambo ya mfereji, ng'ombe ni wa mjomba. Wanawake wote wa kanisani walilisikia lile tangazo vizuri sana, kila mmoja akasema moyoni, si mimi, mwenyewe yupo. Mtoto wa Majengo nikaandika kama mtu wa ofisini. Nikaomba karatasi nyingine.

Hili mlisikie lote, maana wengine mlikuja kwa ajili yake. "Wewe unayekamua. Wewe unayejua chuchu ipi inauma kabla ng'ombe hajapiga teke. Hatumtafuti mwenye ng'ombe, tunakutafuta wewe. Alhamisi hii kuna kiti chako kwenye ghala la kahawa. Majani kata asubuhi, na utarudi kabla ya kukamua jioni. Njoo na swali lako. Mikono usiionee haya, ndiyo tuliyoiita."

Jumapili mama mkwe alirudi kutoka kanisani, hakuvua viatu. Alisimama mlangoni. Akasema, "Leo nimeitwa."

Nikamuuliza ameitwa na nani. Akanisomea tangazo lote kichwani, hakuacha kitu, na alipofika kwenye mikono akaiangalia ya kwake. Akasema, "Tangu nimezaliwa sijasikia mtu ananiita kwa kazi hiyo. Alhamisi nitaenda."

Ndugu zangu, hapo niliona mbele yangu nilichokifanya. Nyumbani kwetu anayekamua ni yeye. Nimekaa nikaandika mwaliko mzuri kuliko yote, na kwa maneno yangu mwenyewe nimejiacha nje, nikamwita yeye. Nikamuuliza, na nakiri nilimuuliza kwa ubaya wa moyo, "Na ng'ombe, mama?"

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. Akasema, "Si upo wewe?"

Alhamisi akaoga mchana, akavaa kitenge cha Pasaka, akapita ukuta wa masale. Nilimwona mpaka kona. Nikaenda nyuma ya banda, nikakaa kwenye majani, nikalia kwa hasira. Nimechonga mlango kwa mkono wangu, na aliyetoka ni yule aliyenifungia. Siku hiyo ndiyo niliyoona kweli kwamba sitatoka. Nilihesabu moyoni: huyu mama ana nguvu, ataishi, na Mungu ampe maisha, na mimi nitakata majani mpaka nizeeke, halafu na mimi nitamwuliza mtoto wa watu, na ng'ombe?

Akawa anaenda kila Alhamisi. Na jioni akirudi, anasimulia. Mama ambaye alikuwa na neno moja sasa ana maneno mpaka moto unazimika. Ameambiwa aoshe kiwele kwa maji ya vuguvugu, aanze kukamua matone ya kwanza kwenye kitambaa cheusi aangalie kama kuna mabonge. Amekaa karibu na dirisha. Benchi ya nyuma inayumba. Alikuwa anacheka peke yake. Nilimchukia, na papo hapo nilikuwa nasubiri Alhamisi kuliko yeye, ili nisikie. Siku moja akaniambia, akiwa anatazama moto, kwamba tangu aolewe hajawahi kwenda mahali ambapo si kanisani, sokoni au msibani. Akasema "msibani" na mimi nikainamisha kichwa. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Basi Alhamisi moja, haya nimeyasikia kwa waliokuwepo, na wengine wamo humu, akina mama wakamwuliza mwalimu, huyu anayetuandikia matangazo ni nani, tumshukuru. Mwalimu akasema, "Ni dada wa humu humu kijijini. Ameyaandika yote, na hajawahi kuingia humu hata siku moja. Nyumbani haruhusiwi kutoka, hana wa kumwachia ng'ombe."

Darasa zima likasikitika. Jamani, maskini, na anatuita sisi. Na aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu. Alisema, "Hivi huyo mama mkwe wake ana roho ya namna gani? Tuambieni ni nani, tukamwone."

Mwalimu akageuka. Alifuta ubao ambao haukuwa na kitu. Na mama mkwe wangu si mtu wa kufikiri polepole. Chupa ya maziwa, kigogo, karatasi, vile vicheko vya jioni, sijui alianza na kipi. Wanasema alikaa chini na hakuuliza swali lingine siku ile.

Alirudi nyumbani kabla ya wakati. Mimi nakatakata migomba. Akasimama nyuma yangu. Akauliza, "Lile tangazo la wanaokamua. Uliniandikia mimi?"

Nikajua ameshajua. Ningeweza kumdanganya nikasema ndiyo, mama, nilikuandikia wewe. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Hapana, mama. Niliwaandikia watu wote wanaokamua."

"Na wewe?"

"Mimi sikamui."

Akaenda kukamua. Usiku ule uji tulikunywa kila mtu na kikombe chake, na mimi nikafikiri sasa mwalimu atafukuzwa hapa hata maziwa hatauziwa.

Asubuhi, bado kuna ukungu, akatoka chumbani na ile ndoo. Akaninyooshea. "Shika. Leo kamua wewe."

Nikasema, "Mama, sijui."

"Utajua. Mimi nilijifunza nikiwa na umri zaidi yako." Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonitoa kifungoni, na nimemwomba ruhusa niyaseme hapa, akaniruhusu. Akasema, "Ndoo hii nilipewa siku ile mama mkwe wangu, mama yake baba yenu, alipozikwa. Nilimsubiri afe, mwanangu. Miaka yote nilimsubiri. Mchana nampikia, moyoni nasubiri. Sitaki kukaa ndani ya nyumba hii najua na wewe unanisubiri hivyo."

Nikaishika ndoo. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nimeanza kumsubiri. Nadhani alijua.

Tulikwenda bandani wote wawili, akachuchumaa pembeni yangu, akaniwekea mikono yangu mahali pake. Ng'ombe akashangaa, akageuza shingo kuniangalia. Maziwa yalitoka kidogo na mengi yakamwagikia miguuni. Mama mkwe akasema, "Haya. Sasa na wewe umeitwa."

Alhamisi ikafika. Nikaoga mwenyewe, nikavaa kanga safi na hakuna aliyekufa. Nikafika kwenye masale, miguu ikagoma. Naapa, hakuna aliyenizuia, nilisimama mwenyewe. Nikageuka nikamwambia mama mkwe aliyekuwa mlangoni na panga la majani mkononi, "Na ng'ombe?"

Akanijibu, "Ng'ombe ni wa mtu wa Holili. Nenda."

Nilipoingia humu ndani nilijua dirisha liko wapi. Nilijua benchi ya kukwepa. Nikauona ule mkeka na watoto wa watu wamelala juu yake, mkeka nilioutunga kwa kalamu, nikakaa chini sakafuni karibu nao, nikalia mbele ya akina mama ambao wengi hawakuwa wananijua. Mmoja akanipa leso, mwingine akasogea. Mpaka leo wanasogea, lakini leo ni kwa sababu nimenenepa.

Nashukuru. Namshukuru mwalimu aliyenipa kalamu badala ya kunipa pole. Namshukuru mzee wetu wa kanisa mwenye sauti nzito, aliyeyasoma maneno yangu kwa heshima wakati hajui yametoka bandani. Mume wangu naye ameacha malori, yuko nyumbani, anakata majani, na anasema mgongo unamuuma. Nimempa pole.

Vijana mnaojifunza sasa kwangu kuandika matangazo, ninyi wenye kompyuta mnaoweka maua pembeni, somo langu ni moja na mnalijua. Kabla hujaandika "njoo", nenda ukaangalie kazi hiyo ni mkono wa nani unaoifanya, ukamwite huyo. Na ukishamwita, angalia kuna nani umemwacha nje.

Leo asubuhi nilimwambia mama mkwe, sasa mzee, lakini macho makali, nikamwambia mama twende wote, leo nasimama mbele za watu. Akasema, "Na ng'ombe?" Tukacheka wote wawili mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Nenda wewe. Leo ni zamu yangu." Amebaki yeye, ndiyo maana mimi nimesimama hapa.

Nawatazama nanyi mlivyojaa, mmependeza, vitenge vimepigwa pasi. Kila mmoja wenu ana ng'ombe, au ana mgonjwa, au ana duka, au ana watoto wadogo, na hakuna aliyeviacha peke yake. Kuna mtu amebaki huko. Mnamjua jina. Sasa nimeandika tangazo jana usiku, fupi, na safari hii halitasomwa na mzee wa kanisa wala halibandikwi buchani. Linasema hivi: "Wewe uliyebaki nyumbani leo ili mwenzako aje. Alhamisi ijayo kiti hiki ni chako, na atakayekata majani ni yule aliyekikalia leo."

Lichukueni hivyo hivyo kichwani. Mkifika nyumbani, kabla hamjavua viatu, mkamsomee kwa midomo yenu wenyewe.